Somo la Makatibu: Kuhakiki Nukta za Televisheni Kabla ya Kutia Sahihi

Chama cha msingi hakiruhusiwi kupima mazao ya wanachama kwa mizani isiyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Lakini chama hicho hicho kinaponunua televisheni ya ukumbi wa mikutano, kwa fedha ile ile ya wanachama, mara nyingi katibu hutazama boksi, huona limeandikwa 4K, hutia sahihi hati ya kupokelea mali, na shauri likawa limekwisha. Maandishi ya boksi ni neno la muuzaji tu. Neno hilo nalo lina mizani yake, na mizani hiyo si ghali.

Picha ya televisheni hufanywa kwa nukta ndogo sana zilizopangwa kwa safu. Kioo cha daraja la HD aghalabu huwa na nukta 1,366 kwa upana na 768 kwa kimo, yaani jumla ya nukta 1,049,088. Kile cha Full HD kina nukta 1,920 kwa 1,080, jumla 2,073,600. Kioo cha 4K kina 3,840 kwa 2,160, jumla 8,294,400, ambayo ni mara nne ya Full HD. Bei hupanda kwa kufuata ngazi hizo, na hapo ndipo penye kishawishi.

Muuzaji mjanja si lazima aandike uongo mtupu. Huandika kwamba televisheni yake inapokea picha ya 4K. Kupokea si kuonyesha. Ndani ya chombo mna mtambo unaoipokea picha kubwa na kuipunguza hadi ienee katika nukta chache zilizopo kiooni. Ni kama karani anayeletewa hesabu yenye shilingi na senti, naye akaandika shilingi tu: senti zilipokelewa, lakini daftarini hazimo. Kwa sababu hiyo, katibu asiridhike hata pale kompyuta iliyounganishwa na televisheni inapoandika kwamba imetambua 3,840 kwa 2,160. Kompyuta huamini sifa ambazo televisheni imejitajia yenyewe.

Kipimo cha hakika ni kuhesabu. Vifaa ni rula ya plastiki na lenzi ya kukuzia, au simu yenye kamera inayoweza kupiga picha kwa karibu sana. Televisheni ionyeshe rangi moja ya kijani kioo kizima. Rula ilazwe juu ya kioo bila kukandamiza, kisha vistari vya kijani vihesabiwe kwa upana, si kwa kimo, katika sentimita moja. Hesabu hiyo izidishwe kwa upana wa kioo kinachowaka.

Chukulia televisheni ya inchi 43, ambayo upana wake ni takriban sentimita 95. Vistari vikiwa 40, mara 95 ni 3,800: hiyo ni 4K. Vikiwa 20, ni Full HD. Vikiwa 14 tu, hicho ni kioo cha HD kilichovishwa kanzu ya mwenzake. Kwa inchi 32, ambayo upana wake ni sentimita 71 hivi, Full HD hutoa vistari 27 kwa sentimita, na HD hutoa 19.

Rangi ya kijani imetajwa kwa makusudi. Kila nukta ina vistari vitatu: chekundu, cha kijani na cha buluu, na vyote huwaka kioo kikiwa cheupe. Mtu akivihesabu vyote katika kioo cha HD cha inchi 43 atapata 43 kwa sentimita, kisha ataondoka akishangilia kwamba amepata 4K! Viko pia vioo vilivyoongezewa kistari cheupe katika safu ile ile ya vistari. Katika baadhi yake, kioo kinachouzwa kwa jina la 4K huwa na mafungu kamili ya rangi 2,880 tu kwa upana. Hesabu ya kijani hulifichua jambo hilo nalo.

Ipo njia ya pili, ya picha ya majaribio. Katika kompyuta hutengenezwa picha yenye ukubwa sawasawa na ule unaodaiwa, imejaa mistari ya wima ya nukta moja nyeusi, moja nyeupe, mwanzo hadi mwisho. Kioo cha kweli huonyesha kila mstari peke yake chini ya lenzi. Kioo pungufu huonyesha utusitusi wa kijivu, au mawimbi ambayo hayamo katika picha.

Njia hii yataka uangalifu, kwani huweza kumdhulumu muuzaji mwaminifu. Televisheni nyingi za kweli za 4K, zikisomeshwa picha kutoka katika flashi, huionyesha kwa ukubwa wa Full HD tu. Hivyo picha ipelekwe kwa waya wa HDMI kutoka katika kompyuta yenye uwezo wa kutoa 4K. Katika mipangilio ya televisheni uchaguliwe ukubwa wa picha usiokata kingo, maana kukata kingo hutanua picha na kuvuruga mistari. Picha ihifadhiwe kwa aina ya PNG, si JPEG, na kamwe isitumwe kwa WhatsApp, ambayo huibana na kuiharibu. Matokeo yakitia shaka, katibu arudie rula na lenzi. Wala taarifa ya habari ya jioni isifanywe kipimo, kwa kuwa matangazo mengi ya king'amuzi hayafikii 4K.

Bodi nayo ijiulize kama 4K yahitajika. Jicho zima, kwa umbali wa mita 4, haliwezi kutenganisha vitu vilivyoachana chini ya milimita 1 hivi, na nukta ya Full HD ya inchi 43 ina nusu milimita tu. Mwanachama aliyekaa katikati ya ukumbi hataona tofauti. Ndiyo sababu udanganyifu huu hudumu miaka bila kugunduliwa, huku fedha zikiwa zimekwisha kulipwa.

Kwa vyama vya Tanzania, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, yataka mali iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na humpa mnunuzi nafasi ya kuikagua. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo yakataza kumpotosha mnunuzi. Basi idadi ya nukta iandikwe katika hati ya kuagizia na katika risiti, si jina la 4K peke yake. Hesabu ifanyike dukani, mbele ya muuzaji na mjumbe mmoja wa Bodi. Vistari kwa sentimita, upana wa kioo na namba ya chombo viingizwe katika daftari la mali ya Chama siku hiyo hiyo, kisha ndipo hati ya kupokelea mali itiwe sahihi.