Mtoto Kutapika Baada ya Upasuaji: Mzazi Afanye Nini?

Asubuhi ya upasuaji mtoto hulia njaa. Nyanya akamwonea huruma, na kabla hawajatoka Mji wa Kale ameshampa chai ya maziwa na hamri. Huruma hiyo ina hatari.

Siku hizi mtoto anayepasuliwa ngiri, makengeza au mafindofindo mara nyingi hurudi nyumbani siku iyo hiyo, naye mzazi ndiye humwangalia akitapika.

Kwa nini hutapika?
Dawa za nusukaputi na baadhi ya dawa kali za maumivu huchochea kichefuchefu. Hatari huzidi kwa mtoto wa miaka 3 na zaidi, upasuaji ukipita dakika 30, ukiwa wa makengeza au mafindofindo, au ikiwa yeye, mzazi au ndugu yake aliwahi kutapika baada ya upasuaji. Mweleze daktari mapema. Anaweza kumkinga kwa dawa kama ondansetroni na deksamethasoni. Usimnunulie mwenyewe dukani.

Kabla ya upasuaji
Chakula na maziwa ya ng'ombe au ya kopo vikome saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, na maji matupu saa 2, isipokuwa hospitali imekuagiza vingine. Akipasuliwa saa mbili asubuhi, mwisho wa kula ni saa nane usiku, na mwisho wa maji ni saa kumi na mbili alfajiri. Kumnyima maji usiku kucha si lazima, humkausha bure.

Akiwa amekula, sema kweli. Chakula huweza kupanda na kuingia mapafuni akiwa usingizini, na hilo laweza kumuua. Heri upasuaji uahirishwe.

Akirudi nyumbani
Usimlazimishe kunywa. Akitaka, mpe maji kidogo kidogo, kisha uji mwepesi. Biriani ingoje kesho. Mkipanda tuktuk, mwombe dereva aende polepole, kwani mtikiso huchochea kutapika.

Akitapika mara moja au mbili, mlaze ubavu, umpumzishe, kisha uanze tena na maji kidogo.

Mrudishe hospitali upesi iwapo:
1. Anatapika mfululizo.
2. Matapishi yana damu au ni ya kijani.
3. Hajakojoa kwa saa 8.
4. Amelegea au haamki vyema.
5. Amekatwa mafindofindo naye anamezameza usingizini. Huenda anavuja damu kooni.

Kinga huanza kwa mzazi kusema ukweli mlangoni mwa chumba cha upasuaji.