Nywele Zinapoanguka

Masomo: 1 Samweli 16:1-7, Mathayo 10:26-31



Wapo ndugu zetu wa Matombo, Mgeta na hapa mjini Morogoro wanaopanda basi Msamvu kwenda kutibiwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Baadhi hurudi na vipara, na minong'ono huanza: Amefiwa na nani? Anaficha ugonjwa gani? Amerogwa? Mgonjwa akisikia hayo huacha kuja ibadani. Wengine huogopa hata kurudi kwenye dawa, na hiyo ni hatari kuliko upara wenyewe.

Tujue kwanza ukweli. Dawa nyingi za saratani hupiga chembe za mwili zinazokua upesi. Mashina ya nywele nayo hukua upesi, hivyo hupigwa pamoja na ugonjwa. Mara nyingi nywele huanza kupukutika baada ya wiki 2 au 3. Si dawa zote hufanya hivyo, na mionzi huondoa nywele za mahali inapoelekezwa tu. Dawa zikiisha, wengi huota nywele tena katika miezi michache. Basi hiyo si laana, wala si dalili kwamba ugonjwa umeshinda.

Hata hivyo, tusimwambie mama, "Ni nywele tu." Mtume Paulo mwenyewe alizihesabu kuwa fahari ya mwanamke (1 Wakorintho 11:15). Je, aliyezipoteza amepoteza heshima mbele za Mungu? Hasha! Paulo aliwafundisha Wakorintho utaratibu wa ibada, hakuwahukumu wagonjwa. Naye Samweli alikatazwa kumpima mtu kwa sura.

Bwana wetu alifundisha kwamba Baba anajua hesabu ya nywele zetu. Hakuahidi kwamba hazitaanguka. Aliyasema hayo kwa wanafunzi waliokuwa wakitumwa kwenye mateso, ili wasiogope. Ajuaye hesabu anazijua hata zile zilizobaki juu ya mto wa kulalia asubuhi.

Tufanye nini basi? Mgonjwa anaweza kuzipunguza mapema, afunge kitambaa laini, na ajikinge na jua. Asiache dawa bila kusema na daktari. Akipata homa, aende hospitali siku ile ile. Nasi tusimhoji mlangoni mwa kanisa. Tumtunzie nafasi yake katika kwaya, tumchangie nauli, na tumtembelee kwa sala fupi, tukiwa tayari kusikiliza zaidi kuliko kusema.

Maswali ya kujadiliana:
1. Ni maneno gani tuliyozoea kusema yanayomfanya mgonjwa ajifiche?
2. Katika mtaa wetu, nani hajaonekana ibadani kwa sababu ya matibabu? Nani atakwenda kwake juma hili?

Tuombe: Ee Baba, utujuaye kuliko tunavyojijua, uwatie nguvu watu wako walio katika matibabu, nasi utufanye ndugu wa kweli kwao, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.