Neno “Ring” Lisitudanganye

Katika mtihani wa tafsiri niliandika kwamba mabondia wawili waliingia ndani ya pete. Darasa zima lilicheka, nami nilipoteza alama.

Neno la Kiingereza “ring” ni pete kama ni ya kidoleni. Penye ngumi ni ulingo. Huo una pembe nne, lakini umeitwa hivyo kwa kuwa zamani watazamaji walisimama duara kuwazunguka wapiganaji. Ndani ya shina la mti ni miviringo, ambayo katika nchi za baridi huonyesha umri wake. Kengele inapolia, hilo ni neno jingine lenye asili yake. Yamefanana kwa herufi tu.

Basi, kabla ya kutafsiri neno, tutazame limekaa na maneno gani.