Kufunga Jiko la Gesi la Nje Kwenye Baridi ya Ufipa

Gesi ya bomba, ile ya kufungua koki tu ukapika, imefika kwenye baadhi ya nyumba za Dar es Salaam, Lindi na Mtwara. Ni gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay. Huku Chala, Ufipa, tunapika kwa gesi ya mtungi. Kwa hiyo ukitaka kufunga jiko nje, liwe la chipsi, la kuchomea nyama au la sufuria kubwa ya msiba na harusi, fahamu kwanza kwamba gesi hizi mbili hazina tabia moja.

Gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja hupanda. Ya mtungi ni nzito, hivyo hutambaa chini na kutulia kwenye mtaro, shimo au kona ya stoo. Ujazo uleule wa gesi ya mtungi pia hutoa joto zaidi ya mara mbili. Ukiletewa na ndugu jiko lililokuwa likitumia gesi ya bomba, usilifunge kwenye mtungi jinsi lilivyo. Vitundu vyake vya kutolea gesi ni vipana mno, na moto utaruka mrefu, wa njano, wenye masizi. Fundi abadilishe vitundu kwanza. Asipovipata, liache.

Halafu kuna baridi yetu, ambayo wauzaji wa majiko hawaitaji. Ndani ya mtungi gesi ni kimiminika, na ili igeuke kuwa gesi huvuta joto kutoka kwenye chuma na hewa ya nje. Gesi hiyo ni mchanganyiko wa propeni na buteni. Propeni huchemka hata kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, lakini buteni hugoma ikikaribia sifuri. Sasa chukua asubuhi ya Juni au Julai, funga jiko kubwa kwenye mtungi wa kilo 6: baada ya muda mtungi unatoa jasho, pengine unashika barafu, na moto unafifia. Watu wengi hudhani gesi imekwisha, wakarudisha mtungi dukani na gesi yao ndani. Upime kwenye mizani kwanza. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye chuma chake. Kinachozidi hapo ni gesi yako. Kwa jiko kubwa tumia mtungi wa kilo 15 au 38. Kuukanza mtungi kwa makaa, au kuulaza ili gesi itoke haraka, ni kuita mlipuko.

Mtungi usimame wima mahali tambarare, mbali na mtaro, kiasi cha mita moja na nusu au mbili kutoka kwenye moto. Jiko la kawaida la plate mbili hutumia regulata ya presha ndogo. Jiko la sufuria kubwa huja na ya presha kubwa. Usitumie moja mahali pa nyingine. Mpira uwe wa gesi, si wa maji, ubanwe kwa klipu pande zote mbili, usipite chini ya jiko. Ukitaka mtungi ukae upande mmoja wa ukuta na jiko upande mwingine, mwite fundi apitishe bomba la shaba au la chuma na koki karibu na jiko. Mpira haupitishwi ukutani.

Ukimaliza kufunga, zima koki za jiko, fungua mtungi, kisha paka povu la sabuni kila kiungo. Mapovu yakivimba, gesi inavuja. Kiberiti si kifaa cha kupimia.

Upepo wa uwanda huu huzima moto huku gesi ikiendelea kutoka, kwa hiyo kinga jiko kwa bati upande unaotoka upepo, lakini usiuzungushie mtungi bati. Jiko la kuchomea nyama lenye mfuniko liwashwe likiwa wazi. Lisiposhika, funga gesi, subiri dakika 5. Wakati wa kuzima anza na mtungi, moto ujifie wenyewe, ndipo ufunge koki za jiko.

Usiku mtungi usilale chumbani na watoto, hata kama unaogopa wezi. Ujengee kibanda cha nje chenye matundu chini na kufuli mlangoni. Weka ndoo ya mchanga karibu, na namba ya Zimamoto, 114, kila mtu nyumbani aijue.