Mgeni wa Tabora

Mji wa Tabora umo katika nchi ya Unyanyembe, mahali palipoinuka kadiri ya futi 4,000 juu ya bahari. Zamani njia za misafara zilikutana hapo: moja ilitoka pwani, moja ilikwenda Ujiji, na nyingine ilielekea kaskazini kwenye ziwa la Nyanza. Mpagazi aliyetoka pwani alitembea miezi mitatu hivi kabla ya kuuona mji huo. Baadaye ikaja reli. Ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Na mwaka 1928 tawi lake likafika Mwanza. Kwa sababu ya reli watu wengi wa nchi za mbali walihamia Tabora kufanya kazi, wengine kwa furaha, wengine kwa huzuni. Hii ni habari ya mmoja aliyefika kwa huzuni.

Katika miaka ya 1930 mtu mmoja wa Bagamoyo alipata kazi ya reli, akapelekwa Tabora pamoja na mkewe na mwanawe wa kiume, umri wake miaka kumi na miwili. Kijana huyo alikuwa amezoea upepo wa bahari, samaki wabichi na wali wa nazi. Tena alimpenda sana bibi yake, ambaye alibaki Bagamoyo kwa kuwa alikuwa mzee, hakuweza kusafiri. Garimoshi lilipoiacha pwani, kijana aliona minazi ikipungua, hata ikaisha kabisa. Akajifunika uso kwa nguo ili mama yake asimwone analia.

Walifika mwezi wa Septemba, wakati wa kiangazi kikali. Majani yalikuwa yamekauka, vumbi lilijaa njiani, na maji ya visima yalikuwa machache. Kijana akalaumu kila kitu. Ugali wa mtama hakuutaka. Wenzake wa shule walipomwamkia asubuhi kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," hakuitikia, bali aliyacheka matamshi yao ya Kiswahili. Basi nao wakamwacha peke yake. Kila jioni alikwenda stesheni kulitazama garimoshi la kwenda pwani. Tena alikuwa na kikopo alimoweka senti zake moja moja, apate nauli ya kutoroka. Wala hakumwambia mtu shauri hilo.

Hata mwezi wa Oktoba, baba yake alipokuwa safarini Kigoma, mama akashikwa na homa kali usiku. Alitetemeka, kisha akaanza kusema maneno yasiyo na maana. Kijana akatoka nje akasimama gizani. Hakujua njia ya kwenda hospitali, wala hakujua jina la jirani hata mmoja. Ndipo alipotambua kwamba mtu asiyejuana na watu ni kama aliyepotea porini, ajapokuwa katikati ya mji.

Akapiga hodi kwenye nyumba ya karibu, walimokaa mzee mmoja Mnyamwezi na mkewe. Wazee hao hakupata kuwasalimu tangu alipofika. Lakini hawakumkumbusha neno hilo. Mama mzee alikwenda kumkanda mgonjwa kwa maji, na yule mzee akawaamsha vijana wa jirani. Wakamchukua mgonjwa juu ya kitanda, wakamfikisha hospitali kabla ya kupambazuka. Siku nane mama yake alilala huko. Siku zote hizo mama mzee alimpelekea uji, naye kijana akaletewa maji ya kisima, ugali na michembe ya viazi. Aliyempasulia kuni alikuwa mmoja wa wale wenzake aliowacheka.

Siku mama aliporudi nyumbani, kijana alimwendea yule mzee, akamkuta amekaa chini ya mwembe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Keti."

"Babu, sisi si ndugu zenu, nami sikupata kuwaamkia hata siku moja. Mbona mmetutendea mema haya yote?"

Mzee akamjibu, "Nalipa deni. Nilipokuwa kijana nilikuwa mpagazi, nikachukua pembe ya ndovu mpaka kwenu Bagamoyo. Tulipofika, mguu wangu ulikuwa umeoza kwa donda. Wenzangu wakarudi bara, nami nikaachwa. Watu wa mji wakaniita mshenzi wa bara, wakacheka maneno yangu. Kila jioni nilikaa nikiitazama njia ya bara, kama wewe unavyolitazama garimoshi."

Kijana aliinamisha kichwa, maana hakujua kwamba alikuwa akionekana.

"Mama mmoja mwuza vitumbua," mzee akaendelea, "aliniona, akanipa chakula, akaliosha donda langu mwezi mzima. Nilipopona nikataka kumfanyia kazi iwe malipo. Akakataa, akaniambia, 'Nenda ukamlipe mgeni atakayefika kwenu.' Nimekaa na deni hilo zaidi ya miaka arobaini. Tena utazame mwembe huu. Babu zetu hawakuukuta hapa. Mbegu yake ilitoka pwani pamoja na misafara. Leo mizizi yake inakunywa maji ya Unyanyembe, na watoto wote wanakula embe zake. Nani auitaye mgeni?"

Usiku ule kijana alikifungua kikopo chake. Kwa senti chache alinunua stempu, akamwandikia bibi yake habari zote. Zilizobaki akampa mama yake, wakanunua mtungi mpya. Kwa mtungi huo aliwatekea maji wale wazee kila alfajiri, na njiani aliwatangulia watu kwa "Mwangaluka."

Mvua zikanyesha, nchi ikageuka kuwa ya kijani. Wenzake wakampeleka mwituni, wakamfundisha kuujua uyoga unaolika na ule wenye sumu, na kuutambua mti wa mninga; wakamwonyesha mizinga ya magome iliyotundikwa mitini, ambamo nyuki hutia asali. Naye akawasimulia habari za bahari, maana wengi wao hawajaiona. Hakuacha kuipenda Bagamoyo. Aliona kwamba moyo wa mtu si kama kikopo, ambacho kikijaa kitu kimoja hakina nafasi ya kingine.

Nanyi wanafunzi, mkihamia mji mgeni, msingoje mji uanze kuwapenda. Jifunzeni salamu za wenyeji, ulizeni majina ya watu na ya miti, onjeni chakula chao, tena fanyeni kazi moja ya kuwafaa. Na mkiwa ninyi ndio wenyeji, mtazameni yule asimamaye peke yake jioni. Huenda mkawa na deni lake.

MASWALI

1. Reli ilifika Tabora mwaka gani, nayo iliuletea mji mageuzi gani?
2. Kwa nini kijana hakuwa na rafiki hapo kwanza? Kosa lilikuwa la nani?
3. Mzee alikuwa na deni gani, naye alililipaje?
4. Eleza maana ya maneno ya mzee juu ya mwembe.
5. Andika barua ambayo kijana alimpelekea bibi yake.