Kuala Lumpur na Orodha ya Mashangazi

Mdogo wangu mmoja wa Unguja ameniandikia. Anakwenda Kuala Lumpur kumtembelea kaka yake anayesoma huko, ana siku 5, na tangu tiketi ikatwe orodha ya mashangazi imeshafika kurasa 2. Huyu anataka mtandio, yule simu, wa tatu kasema “chochote kizuri tu”, na hiyo ndiyo oda ya kuiogopa kuliko zote. Swali lake: aende mall ipi amalize yote kwa mpigo?

Mwanangu, kwenye mall utakachomaliza ni hela. Suria KLCC, pale chini ya minara ya Petronas, nenda upigwe na kiyoyozi, piga picha zako, toka. Mji ule ni wa Wamalay, Wachina na Wahindi, na kila watu wana mtaa wao wa manunuzi. Ukitaka kitu, kakinunue pale wenyewe wanapokinunua.

Anza na mtandio. Shuka treni kituo cha Masjid Jamek, tembea hadi Jalan Masjid India, kisha shika Jalan Tuanku Abdul Rahman, ambayo watu wanaikatisha tu Jalan TAR. Wanawake wa Kimalay nguo zao za Idi wanazitafuta huko. Mtandio wao wanauita tudung, na utaikuta imepangwa kwa rangi mpaka kichwa kizunguke. Ila mimi ningekwambia ubebe telekung: suti ya kuswalia ya vipande viwili, sketi na mtandio mpana unaofunika mpaka mikono. Ndani ya begi hakuna uzito, na shangazi atakuombea dua mwaka mzima. Jumamosi jioni kuna soko la usiku kwenye uchochoro wa pembeni, bei zinashuka na msongamano unapanda. Ijumaa saa saba mchana usijisumbue, wengi wako msikitini.

Vitambaa vinauzwa kwa mita, na mara nyingi utavikuta vimeshakatwa mita 4, za kutosha suti moja. Hapa nisikilize vizuri, maana mimi nilishalia. Duka moja, silitaji, muuzaji mchangamfu kanishikisha kitambaa kinachoteleza kama maji, akaapa ni hariri. Nafika nyumbani, pasi ya kwanza tu, kikanata kwenye chuma kama mfuko wa nailoni. Siku hizi naomba uzi mmoja wa pindoni, natoka nje nauchoma. Hariri hunuka nywele zilizoungua na huacha majivu. Plastiki huyeyuka ikawa kipunje kigumu. Muuzaji akikunyima uzi, jibu umeshapata.

Kupatana bei kwenye vibanda ni halali kabisa. Sema “boleh kurang?”, yaani inapungua? Na wakikuita “kakak” usigeuke nyuma kumtafuta kaka yako kama nilivyofanya mimi. Kwa Kimalay kakak ni dada mkubwa. Kaka ni abang. Wewe pia muite muuzaji “kak” na uone bei inavyolegea.

Zawadi ya “chochote kizuri” kaitafute Central Market, soko la tangu 1888 ambalo sasa limejaa kazi za mikono. Chukua batik. Geuza kitambaa: iliyochorwa kwa nta rangi yake imezama, nyuma na mbele karibu sawa. Ile ya kiwandani, ya kuchapwa, upande wa nyuma umefifia. Usilipe bei ya mkono kwa kazi ya mashine.

Kutoka hapo ni hatua chache tu mpaka Petaling Street, mtaa wa Wachina. Mikoba na saa za majina makubwa zimejaa, na nyingi ni feki, wala wauzaji hawafichi sana. Mimi sinunui, zipu hufa kabla ya fungate kwisha. Ninachokifuata pale ni kinywaji cha baridi kiitwacho air mata kucing. Neno kwa neno ni maji ya macho ya paka, lakini tulia, mata kucing ni tunda. Chakula ukikitamani, tafuta kwanza alama ya halali ya JAKIM, idara ya serikali ya mambo ya Kiislamu, maana nguruwe hayuko mbali.

Simu, nenda Low Yat Plaza, Bukit Bintang. Usinunue duka la kwanza. Zunguka ghorofa mbili, andika bei, uliza waranti ni ya nani na inafanya kazi nchi gani, na boksi lifunguliwe mbele yako kabla hujatoa pesa. Chaja haina shida, plagi zao ni hizi hizi zetu za miguu mitatu. Bangili, sari na viungo ni Brickfields, jirani na kituo cha KL Sentral.

Asubuhi moja iachie soko la Chow Kit. Vaa ndala, sakafu imelowa maji ya samaki. Wewe mtoto wa Unguja utajiona uko Darajani: nanasi ni nanas, birimbi ni belimbing buluh, na shokishoki wanaziita rambutan, kwa kuwa rambut ni nywele. Mafenesi yapo. Doriani msimu wake ukiwa umefika utainusa kabla hujaiona. Hoteli nyingi zimebandika karatasi mlangoni ya kuikataza, na kwenye treni vilevile, kwa hiyo usidanganyike kuificha kwenye mkoba wa shangazi. Kaa kwenye kigoda cha plastiki hapo hapo kwa muuzaji, akupasulie, akupe glavu, ule mpaka kokwa zibaki nyeupe.