Vinyama vya Puani

Pua ni mlango wa pumzi, tena ni mlinzi wa mwili. Hewa ipitapo puani husafishwa vumbi, hutiwa joto na unyevu, ndipo iendapo mapafuni.

Yako maradhi yazibayo mlango huo. Utando wa ndani ya pua ukivimba muda mrefu, huweza kuota vinyama laini vyenye kuning'inia mfano wa matone ya maji. Wayunani wa kale waliviita kwa jina la pweza, maana yake mwenye miguu mingi.

Vinyama hivi kwa kawaida haviumi. Kwa hiyo watu huvidharau. Lakini madhara yake ni haya.

Kwanza, mgonjwa hupotewa na kunusa. Mvuvi wa Mbamba Bay hatambui usipa walioharibika. Mpishi wa Litembo hajui kuwa chungu chaungua mpaka aone moshi. Chakula nacho hukosa ladha.

Pili, makamasi hukwama katika mashimo ya mifupa ya uso. Uso huwa mzito, kichwa huuma. Mara chache ugonjwa huenea mpaka machoni, hata ubongoni.

Tatu, usiku mgonjwa hupumua kwa kinywa na kukoroma, wala hapati usingizi mwema.

Nne, pumu mara nyingi huandamana na vinyama. Baadhi ya wagonjwa hao wakimeza aspirini hubanwa kifua ghafula, na waweza kufa. Mwaka 1922 mganga Widal wa Ufaransa na wenzake waliandika habari za mambo hayo matatu kumpata mtu mmoja. Basi mwenye pumu na vinyama asimeze aspirini bila kumwuliza mganga.

Dawa ya kupulizwa puani hupunguza vinyama. Isipofaa, hukatwa hospitalini. Lakini huweza kuota tena, hivyo mgonjwa asiache dawa yake.

Kwa watoto vinyama ni nadra. Mtoto akizibwa mwanzi mmoja wa pua, ukatoka usaha wenye kunuka, huenda ametia punje ya mahindi au haragwe. Asichokonolewe kwa kijiti, maana punje itazidi kuingia ndani. Apelekwe hospitali upesi.

Maswali
1. Pua huifanyia hewa kazi gani?
2. Kwa nini watu huvidharau vinyama vya puani?
3. Ni nani asiyepaswa kumeza aspirini bila shauri, na kwa sababu gani?